Mfungwa wa Siku Mbili

Mara ya kwanza nilipoiona rejista ya yule ajida, askari aliyesimamia chumba cha kufungia watu, niliipenda. Naanza na hilo kwa sababu hiyo njo aibu yangu, na nataka niitue mapema. Mistari ilikuwa imepigwa kwa rula na wino mwekundu: jina, kijiji, kosa, siku ya kuingia, siku ya kutoka, na mwisho kabisa pahali pa kutia sahihi, ao dole gumba kwa asiyejua kuandika. Hakuna palipofutwa, hakuna doa. Nikasema kwa sauti mbele ya watu wote: "Huyu ajida, wallahi, anatushinda sisi wa biro!" Naye akacheka, akaniletea kiti chenye mto.

Nilikuwa daktilo wa parke ya Kindu, pale Kasuku, miaka ile ya Zaire ya chama kimoja. Daktilo njo mtu wa kupiga mashini ya kuandika. Parke njo biro ya waendesha mashitaka wa serikali, na sheria iliwapa kazi moja nzuri sana: kila mwezi mmoja wao atembelee makasho ya mji, yaani vile vyumba ambamo jandarme, askari wa serikali, hufungia watu kabla kesi haijakwenda mbele. Afungue rejista, aone nani yumo, kwa nini, na tangu lini. Jandarme hakuwa na ruhusa ya kumweka mtu kasho zaidi ya siku mbili. Zikiisha, amlete parke ao amwachilie aende kwao. Sisi njo tulikuwa wa kuangalia kama sheria hiyo inafuatwa.

Wa kuangalia! Ngoja nicheke kidogo. Jumamosi asubuhi bwana wa parke na kamanda wa jandarme walicheza pamoja dansi ya chama mbele ya biro ya zoni, yaani ya wilaya, wamevaa kitenge cha namna moja chenye sura ya Rais kifuani, wanapiga makofi, jasho linawatoka. Jumatatu mmoja alitakiwa kumkagua mwenzake. Wote wawili walikuwa wanachama tangu tumboni mwa mama zao, kama sisi sote, maana chama hakikumwuliza mtu. Na barua ya kusema "tunakuja kukagua" ilitangulia siku tatu mbele, nimeipiga mimi mwenyewe kwa mashini, na kopi yake nikaipeleka kwa mkono. Sasa ukifika huko unakagua nini? Unakagua namna watu wanavyofagia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwetu ni Alunguli, ng'ambo ya mto, kwa hiyo kila asubuhi nilivuka Lualaba kwa mtumbwi, kilemba kichwani na viatu mkononi visilowe. Baba alikuwa ameshakufa. Mama alikaanga mikate ya mchele akauza mlangoni, na kazi yangu ya mashini njo ilitusimamisha. Aliniogopea sana juu ya ulimi wangu. "Weye mutoto," alikuwa akisema, "siku moja mudomo wako utatufukuzisha sisi wote." Nilikuwa na hasira za karibu, siwezi kukataa. Hata leo ninazo, waulize wajukuu wangu.

Aliyepewa kazi ya kukagua makasho alikuwa substiti, yaani msaidizi wa yule mkubwa wa parke. Alikuwa kijana aliyetoka magharibi, upande wa Bandundu. Kifaransa chake kilinyooka kama cha redio, Lingala yake tamu, lakini Kiswahili chake kiliishia sokoni, kwenye nyanya na samaki. Hivyo nilifuatana naye ili nimtafsirie, na pia nikopi yaliyo ndani ya rejista. Alikuwa mtu wa adabu, anavaa abakosti, ile suti ya chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi, haongei sana. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, na habari za mimba hiyo njo pekee zilizomchangamsha njiani.

Kasho la yule ajida lilikuwa nyuma ya soko. Ajida mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye sauti ya upole, na kila mtu alimsifu. Hakupiga watu ovyo, hakulewa kazini. Tulipofika mara ya kwanza tulikuta ua umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, meza ina kitambaa, na soda zimepozwa ndani ya ndoo ya maji. Substiti alipitisha macho kwenye rejista. Hakuna mtu aliyepitisha siku mbili, hata mmoja. Akatia sahihi, nami nikatoa zile sifa zangu nilizokwisha kuzitaja. Tukaondoka tumeridhika.

Mwezi uliofuata tulirudi. Substiti na ajida walikuwa wanaongea Lingala habari za mpira, mimi nikakopi. Kwenye ukurasa wa kushoto nikaona dole lenye mstari. Alama ya kidonda cha zamani ilikuwa imelikata dole kutoka upande huu mpaka upande ule, ikapinda kidogo mwishoni. Mtu wa Pangi. Kosa: hana kadi ya chama. Ameingia Jumatatu, ametoka Jumatano. Haya. Nikashuka chini. Mtu mwingine wa Pangi, jina lingine kabisa. Kosa: kuzurura. Ameingia Jumatano, ametoka Ijumaa. Dole lile lile, na mstari wake, na pindo lake. Nikashuka tena chini, nikalikuta. Nikafungua ukurasa wa pili, nalo liko pale linaningoja.

Nitasema kweli, wazo langu la kwanza lilikuwa la kijinga. Nilifikiri labda watu wa Pangi wote hujikata pale pale wakipasua mikungu ya mawese. Baadaye njo akili ikanijia. Ilikuwa mtu mmoja. Kila siku mbili alitoka kwenye kitabu kwa jina moja na kuingia kwa jina lingine. Na majina miaka ile hayakumshangaza mtu, kwa maana serikali ilikuwa imetuamuru tutupe majina ya wazungu tuchukue ya mababu. Mtu yule yule alikuwa na jina la kadi, jina la nyumbani, jina la misa ao la msikiti, na lile ambalo shangazi yake alimwita. Ungeweza kumwandika mara tano, na zote tano ukawa hukusema uongo.

Nikainua macho. Uani palikuwa na mwanaume wa miaka kama hamsini anafagia, taratibu, kama anayefagia kwake. Alikuwa mwembamba, shati lake limeisha mgongoni. Dole gumba la mkono wake wa kulia lilikuwa la bluu mpaka kwenye kiungo. Aliponiona namtazama akanipa kichwa, salamu ya heshima, kisha akaendelea na ufagio wake.

"Iko kosa, mama?" ajida akaniuliza, kwa ile sauti yake ya upole. Macho yake hayakuwa kwenye mpira tena.

"Hakuna," nikasema.

Nikafunga rejista. Substiti akatia sahihi, tukarudi biro, nikapiga ripoti: hakuna la kusema. Vidole vyangu njo viliipiga, herufi kwa herufi.

Nilimweleza mama usiku, kwa sababu kula kulinishinda. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele. "Weye uliona dole," akasema. "Dole haliongei. Ukiongea weye, utakaa naye kule ndani, na nani atakuletea chakula? Miye na magoti haya?" Nilimkasirikia, nikatoka nikakaa nje. Lakini nilimtii. Kila siku nilijiambia kesho nitasema, na kesho ikifika nilikuta mafaili mezani, nikapiga mashini. Mwezi mzima, ndugu yangu. Mtu yule alikaa mwezi mwingine mzima ndani ya kasho kwa sababu yangu, na hiyo siwezi kuitia sukari.

Siku ya kupiga barua ya ukaguzi wa tatu ilipofika, niliingiza karatasi kwenye mashini nikashindwa. Nikainuka, nikaingia kwa substiti bila kupiga hodi, nikamwambia yote: dole, mstari, majina, ufagio. Alisimama akafunga dirisha.

"Sitwayene," akasema, yaani raia, maana njo jina tuliloitwa wote, mwanaume sitwayeni na mwanamke sitwayene. "Madole yanafanana."

"Lako na langu yanafanana?"

Akalitazama dole lake, kweli, akaligeuza kwenye mwanga, kama hakuwahi kuliona. Kwa saa nyingine ningecheka. Kisha akaniambia polepole kwamba mkewe atazaa mwezi ujao, kwamba kamanda ana rafiki zake huko juu, kwamba substiti aliyekuwa kabla yake alihamishwa pahali ambapo hata barabara hakuna.

"Basi yule baba akae kasho mpaka bibi yako azae?" nikamwambia. "Ao tungoje na mutoto atambae kwanza?"

Astaghfirullah, maneno gani yale kwa mkubwa wangu! Nilitoka nikaubamiza mlango. Nikakaa mbele ya mashini nahesabu ni nani kule Alunguli anayeweza kunipa kazi ya kushona. Baada ya muda mrefu mlango ukafunguka. Substiti hakuniangalia. Alisema kitu kimoja tu: "Ile barua, usiipeleke." Siku hizi nikimkumbuka namhurumia, na namheshimu pia, kwa sababu aliogopa kweli na bado alitamka.

Kesho yake asubuhi tukatokea bila taarifa. Ajida alikuwa na singlendi, nusu ya shavu ina povu la sabuni, kioo kimening'inia dirishani. Hakukuwa na soda wala kitambaa cha meza. Ua peke yake njo ulikuwa umefagiliwa, na aliyeufagia alikuwa pale pale na ufagio wake.

Ajida alijifuta uso, akavaa koti la kazi, akatukaribisha bila haraka. Huyo mtu alikuwa na akili, simnyimi haki yake. Substiti alipoomba rejista aliileta mwenyewe. Nikaonyesha kwa kalamu: hili, na hili, na hili. Ajida akaangalia, akatingisha kichwa kama anayenihurumia.

"Mama anachoka na kazi ya macho," akasema. "Huyu baba ameingia juzi tu. Leo siku zake mbili zinaisha. Nilikuwa nitamwachilia saa hii hii, na kwa kuwa mumefika, namwachilia mbele yenu mushuhudie." Akaita kwa sauti: "Baba! Acha ufagio. Unaweza kutoka."

Substiti akanitazama. Mtu akiachiliwa mbele yako, utasema nini tena? Kesi imekwisha, na rejista ni safi.

Yule baba aliegemeza ufagio ukutani, akapangusa mikono kwenye suruali, akaenda. Ua ule haukuwa na geti, mawe mawili tu yaliyopakwa chokaa, na nje yake njia ya soko, wamama wanapita na mabeseni ya sombe, majani ya muhogo. Katikati ya ua palikuwa na mlingoti wa bendera. Alikwenda mpaka kwenye mlingoti, akauzunguka, akarudi. Hakutazama njia hata kidogo. Alipanda ngazi za baraza, akasimama mbele ya meza, akanyoosha dole lake gumba.

Na jandarme aliyekaa mezani, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika, alikwisha kufungua kibati cha wino wa kutia dole. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama unavyompokea mgeni mzigo. Akachovya kalamu, akauliza: "Jina la leo?"

Baadaye njo aliinua macho akatuona.

Nilisikia wamama wa sombe kule njiani wanacheka mambo yao. Ajida alikuwa ameangalia viatu vyake. Dole lilikuwa bado limenyooshwa, linangoja kibati kisogezwe.

Substiti akafunga rejista akaiweka kwapani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Muulize amefika hapa lini."

Nikamwuliza. Yule baba akafikiri. "Nilipofika watu walikuwa wanapalilia mupunga," akasema. "Sasa nasikia wanakula mupya."

"Mwambie yuko huru. Si huru ya karatasi, huru kweli. Arudi kwao leo hii."

Nikatafsiri. Nilitegemea atashukuru, ao atalia, ao atakimbia. Alisimama tu. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaniuliza mimi:

"Na mashitaka?"

"Hakuna mashitaka, baba. Yamekwisha. Hakuna anayekushitaki."

"Hapana, mama. Miye njo ninashitaki."

Nilifikiri sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu mwenye homa. Kwao, polisi wa kolektivite, yaani wa tarafa yao, walichukua baiskeli yake kwa sababu Jumamosi moja hakwenda salongo, ile kazi ya lazima ya kulima barabara. Jumamosi hiyo alikuwa anamzika mama yake. Baiskeli hiyo njo ilibeba mchele wake mpaka soko la Kampene, hana nyingine, na sasa mkubwa wa polisi anaipanda mwenyewe, amekwisha kutia na kengele mpya. Akaambiwa Kindu kuna biro inayowaangalia watu wa serikali, ukiwa na neno juu yao unakwenda kulitia pale. Akatembea kwa miguu. Aliposhuka kwenye mtumbwi, upande wa Kasuku, akamwona jandarme, akamwuliza kwa heshima: tafadhali, mahali pa kushitaki watu wa serikali ni wapi? Jandarme akamwambia: njoo, nitakupeleka. Akamleta hapa.

"Wakaniuliza jina, wakaandika, nikatia dole," akasema. "Nikaona vizuri, imepokelewa. Siku mbili wakanitoa, nikazunguka ile mti ya bendera, wakaniuliza jina lingine. Nikajua wanatafuta ukoo wangu, juu ya ushahidi. Nikawapa jina la baba. Siku mbili, nikawapa la babu. Nikawapa na lile la ubatizo. Kila dole nilihesabu hatua moja mbele. Hakuna mutu alinipiga. Wenye ndugu zao huku ndani waliniachia chakula. Nikafagia, nikachota maji, juu kama unafuatilia jambo la serikali haufai kukaa mbali. Sasa munaniambia niende. Na jibu?"

Nikageuka nikamtafsiria substiti. Nilianza vizuri, Kifaransa cha masista kabisa, lakini nilipofika kwenye "nikaona imepokelewa" sauti ilinikatika, nikaanza tena, ikakatika tena. Nililia mbele ya majandarme, mimi niliyejiona mkali. Ajida alikuwa ametoka, amekwenda kusimama karibu na kioo chake dirishani. Povu lilikuwa limekauka sikioni.

"Mwambie," substiti akasema, "hapa si pahali pa kupeleka mashitaka ya namna hiyo."

Nikatafsiri. Yule baba akakubali kwa kichwa, kwa utulivu. "Haya. Pahali ni wapi?"

Nikatafsiri na hiyo. Substiti alikuwa anatoka jasho kwenye abakosti yake nzuri. Mara akamgeukia yule baba mwenyewe, bila kunipitia mimi, akatafuta maneno katika kale kaswahili kake ka sokoni, akapata mawili.

"Njo mimi," akasema.

Yule baba alimpa mkono.

Basi tukaandika mashitaka pale pale, juu ya meza ya ajida. Nilimwuliza jina lake, nikamwomba anipe moja tu, lile analoitikia. Alilitamka polepole nami nikaliandika polepole. Nilimsomea karatasi nzima mara mbili kwa Kiswahili kabla hajatia dole, na mara ya pili alinisahihisha: kengele haikuwa mpya, ilitolewa kwenye baiskeli ya mtu mwingine. Nikasahihisha.

Najua utauliza kama baiskeli ilirudi. Sijui. Substiti aliandika ripoti ya kweli, nikaipiga kopi nne, zikaenda zoni, zikaenda mkoani, zikaenda mpaka Kinshasa, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Ajida alihamishwa, nikasikia huko alikokwenda wamempandisha cheo. Substiti alipata mtoto wa kike, na kabla mtoto hajakaa vizuri naye akahamishwa, pahali pasipo na barabara, kama alivyoogopa. Mkewe alikuja kuniaga, hakuwa na kinyongo. Mimi sikuguswa. Labda waliona daktilo ni kitu kimoja na mashini yake. Nilibaki pale miaka mingi nikifuatana na masubstiti wengine, wengine wazuri, wengine wa soda tu, na kila rejista niliyofunguliwa niliisoma kuanzia kwenye madole. Niliwahi kusikia kwa wanawake waliotoka Kampene kwamba mtu fulani wa Pangi alirudishiwa baiskeli bila magurudumu. Huenda ni yeye, huenda si yeye.

Lakini siku ile, baada ya kazi, tulivuka Lualaba pamoja, kwa sababu kwao ni ng'ambo ile ile ya kwetu. Ilikuwa kama saa kumi, jua bado kali, mtumbwi umejaa wauza samaki. Tulikaa ubao mmoja. Alikuwa ametia mkono majini, anasugua lile dole na kidole kingine, wino hautoki. Nilijua sitapata nafasi nyingine. Nikamwambia:

"Baba, unisamehe. Mwezi ule mwingine nilikuona. Nilijua, na sikusema."

"Miye pia nilikuona, mama," akajibu. "Tulisalimiana."

"Sasa mbona hukuniita?" Nilikuwa karibu kumgombeza, hasira zangu zile zile, na hata sikujua namkasirikia nani. "Nilikuwa hapo, hatua tano! Ungesema neno moja tu!"

Akatoa mkono majini akaukung'uta, kwa uangalifu, asinirushie matone.

"Niliona unaandika," akasema. "Nikajua njo habari yangu unaandika. Sikutaka kukusumbua."